Nani Aliipanga Kalenda Yetu ya Uhuru?

Ufaransa ilitambua uhuru wa Algeria tarehe 3 Julai 1962, siku mbili baada ya kura ya maoni iliyomaliza ubishi. Waalgeria hawakuichukua tarehe hiyo. Walingoja hadi tarehe 5, kwa kuwa tarehe 5 Julai 1830 ndiyo siku mtawala wa Algiers aliposalimu amri mbele ya jeshi la Ufaransa. Miaka 132 kamili, siku kwa siku. Mtoto wa shule wa Algeria anayefundishwa lini nchi yake ilipata uhuru anajifunza papo hapo lini iliupoteza.

Kwame Nkrumah alikuwa ametangulia kucheza mchezo huo. Tarehe 6 Machi 1844 machifu wa Kifante wa pwani walitia saini mkataba ulioipa Uingereza mamlaka ya kuhukumu kesi katika maeneo yao. Uhuru wa Ghana ukatangazwa tarehe 6 Machi 1957. Namibia nayo ilipandisha bendera tarehe 21 Machi 1990, miaka 30 tangu polisi wa makaburu walipowamiminia risasi waandamanaji wa Sharpeville. Msumbiji walikwenda kwa njia nyingine: Frelimo ilizaliwa Dar es Salaam tarehe 25 Juni 1962, na taifa likazaliwa tarehe 25 Juni 1975. Hadi leo Mmsumbiji anayetaka kusherehekea taifa lake bila kukisherehekea chama ana kazi kweli kweli, na wala hilo halikutokea kwa bahati mbaya.

Nimeanza na mifano hii kwa sababu mijadala yetu Tanzania kuhusu sikukuu za taifa huishia kwenye gharama: mahema, mafuta ya magari, posho za kamati, kofia na fulana. Swali la nani aliichagua siku, na siku hiyo inamdai nani, huwa halifiki mezani. Nadhani ndilo lililopaswa kutangulia.

Hakuna mahali ambapo vita vya kugombea tarehe vimekuwa vikali kama Afrika Kusini. Tarehe 16 Desemba 1838 makaburu waliokuwa wakihama kutoka koloni la Rasi (Cape) walipambana na jeshi la Dingane kando ya mto Ncome. Bunduki na mizinga ziliua Wazulu wapatao 3,000, na makaburu wakauita mto ule Mto wa Damu. Kabla ya vita walikuwa wameweka nadhiri kwamba Mungu akiwapa ushindi wataiadhimisha siku hiyo vizazi vyote. Wakaitimiza. Muungano wa Afrika Kusini ulipoundwa mwaka 1910 siku hiyo ikawa sikukuu ya taifa kwa jina la Siku ya Dingane, baadaye ikaitwa Siku ya Nadhiri. Tarehe 16 Desemba 1938 waliweka jiwe la msingi la mnara mkubwa juu ya kilima nje ya Pretoria, na tarehe 16 Desemba 1949 wakaufungua, mwaka mmoja na ushee baada ya chama cha ubaguzi kushika dola.

Waafrika hawakuiacha siku hiyo. Kwa miaka mingi wanaharakati waliitumia kuchoma vitambulisho vya pasi na kufanya mikutano yao. Tarehe 16 Desemba 1961 Umkhonto we Sizwe, tawi la kijeshi la ANC, lilijitangaza kwa milipuko kwenye majengo ya serikali. Kwa hiyo Mandela na wenzake walipoingia madarakani mwaka 1994 walikuta siku moja yenye wafiwa wawili na washindi wawili. Wangeweza kuifuta, maana walikuwa na kura za kutosha. Waliiacha palepale, wakaiita Siku ya Maridhiano, na Tume ya Ukweli na Maridhiano ikafanya kikao chake cha kwanza tarehe 16 Desemba 1995. Mtu anaweza kulalamika kwamba maridhiano yale yaliwasamehe wengi kwa bei ya chini, na mimi ni mmoja wa walalamikaji. Lakini kwenye suala la tarehe walicheza kwa akili. Kaburu anayepanda kwenye mnara wake siku hiyo hawezi kupanda bila kukumbushwa kwamba nchi nzima iko likizo kwa sababu tofauti na yake.

Sasa tujitazame sisi. Mkutano wa katiba uliofanyika Dar es Salaam Machi 1961, Waziri wa Makoloni wa Uingereza Iain Macleod akiwa upande mmoja na Julius Nyerere upande mwingine, ulikubaliana kwamba Tanganyika itakuwa huru tarehe 28 Desemba. Baadaye siku ikavutwa mbele, ikawa tarehe 9. Siku tano baadaye, tarehe 14 Desemba 1961, tukapokewa Umoja wa Mataifa. Katika historia ya Tanganyika kabla ya hapo tarehe 9 Desemba haikuwa na chochote. Haikuwa siku ya Mkwawa wala ya Kinjikitile, waliowapinga Wajerumani, na hata TANU haikuzaliwa siku hiyo. Ilikuwa tarehe ya ratiba, iliyopatikana baada ya watu wa pande mbili kupekua shajara zao.

Silaumu. Kupata uhuru bila maiti barabarani ni jambo la kujivunia, na waliokuwepo Uwanja wa Taifa usiku ule walilia kwa furaha ya kweli. Ila tarehe ya namna hiyo huzaa sherehe ya namna yake. Kinachokumbukwa ni makabidhiano: taa kuzimwa, bendera moja kushuka, nyingine kupanda, mgeni rasmi kutoka London kutoa mkono. Mume wa Malkia, Philip, ndiye aliyekuja Dar es Salaam Desemba 1961. Miaka miwili baadaye alikuja tena Afrika Mashariki, akahudhuria uhuru wa Zanzibar tarehe 10 Desemba 1963 na wa Kenya tarehe 12. Nchi mbili zikaenea kwenye safari moja. Kila mwaka tunairudia picha ileile ya makabidhiano kwa gwaride na mizinga 21, na mkabidhi hatumwulizi lolote.

Na ile tarehe 10 Desemba? Tafuta kwenye orodha ya sikukuu zetu, hutaiona. Siku hiyo Zanzibar ikawa dola huru chini ya Sultani Jamshid bin Abdullah, Mohammed Shamte akiwa Waziri Mkuu, na tarehe 16 ikapata kiti Umoja wa Mataifa. Siku 33 baada ya uhuru yakaja Mapinduzi ya tarehe 12 Januari 1964, na kuanzia hapo kalenda ya Visiwani ikaanza upya. Hoja ya wanaoikataa Desemba naielewa. Kwao ulikuwa uhuru wa bendera uliowaacha Waafrika walio wengi chini ya usultani, baada ya uchaguzi ambao chama cha Afro-Shirazi (ASP) kilipata kura nyingi lakini viti vichache. Hoja ya upande wa pili nayo naielewa, kwamba mwisho wa himaya ya Kiingereza ni mwisho wa himaya ya Kiingereza, awe amebaki nani Ikulu. Zote mbili zinafaa kusikika na kila mtoto wa darasa la sita. Kisichofaa ni huu ukimya wa miaka 60 na zaidi, ambao umeigeuza tarehe ya kawaida kabisa ya historia kuwa nembo ya kambi ya kisiasa. Ukiitaja tu, watu wanakuuliza uko upande gani.

Bara tuna kigugumizi chetu. Nchi iliyopata uhuru tarehe 9 Desemba 1961 inaitwa Tanganyika, na mwaka mmoja baadaye, tarehe ileile, ikawa Jamhuri ya Tanganyika. Lakini mabango ya miaka mingi yameandikwa uhuru wa Tanzania Bara, au wa Tanzania tu, kama vile taifa lililoungana tarehe 26 Aprili 1964 lilijikomboa kabla halijazaliwa. Wanaogopa nini? Wanaogopa mjadala wa Muungano, ingawa nina hakika Muungano huu si dhaifu kiasi cha kuanguka kwa kutajwa jina la mmoja wa wazazi wake.

Hatuko peke yetu. Kamerun ya upande wa Kifaransa ilipata uhuru tarehe 1 Januari 1960, lakini sikukuu ya taifa ni tarehe 20 Mei, siku ya mwaka 1972 shirikisho lilipovunjwa kwa kura ya maoni. Wenye asili ya upande wa Kiingereza, waliojiunga tarehe 1 Oktoba 1961, wanaishika Oktoba yao, na tangu mwaka 2017 tarehe hiyo imekuwa ikimwaga damu. Rwanda nayo inaipita tarehe 1 Julai 1962 kimyakimya na kuelekeza nguvu zote tarehe 4 Julai, siku ya mwaka 1994 jeshi la RPF lilipoichukua Kigali. Serikali iliyoko madarakani ina kawaida ya kupenda tarehe iliyoizaa yenyewe.

Kenya ni somo gumu zaidi. Tarehe 20 Oktoba 1952 Gavana Evelyn Baring alitangaza hali ya hatari, na usiku huohuo Jomo Kenyatta na wenzake wakaanza kukamatwa. Baada ya uhuru tarehe hiyo ikawa sikukuu, lakini ikapewa jina la mtu mmoja: Siku ya Kenyatta. Dedan Kimathi, kiongozi wa wapiganaji wa Mau Mau aliyenyongwa katika gereza la Kamiti tarehe 18 Februari 1957, hakupata siku, na kaburi lake halijulikani hadi leo. Sheria ya kikoloni iliyoipiga Mau Mau marufuku ilibaki vitabuni hadi mwaka 2003. Hebu tulia hapo kidogo. Kwa miaka 40 Rais wa Kenya alipanda jukwaani kila Desemba kuwashukuru waliopigania uhuru, na kwa mujibu wa sheria za nchi yake jeshi lao lilikuwa bado kundi haramu. Sanamu ya Kimathi ilisimamishwa Nairobi tarehe 18 Februari 2007, miaka 50 kamili tangu kamba ile. Katiba ya mwaka 2010 ndiyo iliyolifuta jina la Kenyatta na kuweka Mashujaa.

Mabadiliko yale ya mwaka 2003 hayakuwa ya heshima tu. Marufuku ilipoondolewa, wazee wa Mau Mau waliweza kujiandikisha, kukutana na kukusanya ushahidi bila kuvunja sheria. Kesi ya mateso waliyofanyiwa kambini ikafunguliwa London mwaka 2009. Katikati ya kesi ikagundulika kwamba Waingereza walipoondoka waliyabeba mafaili na kuyaficha Hanslope Park, huko Uingereza, yapata 8,800, ya makoloni 37. Juni 2013 serikali ya Uingereza ikakubali kulipa pauni milioni 19.9 kwa walalamikaji 5,228, ikaeleza masikitiko yake, na papo hapo ikasema haikubali kuwajibika kisheria. Ukigawanya ni pauni 3,800 hivi kwa kila mtu, na humo zimo gharama za kesi. Si fedha nyingi kwa mtu aliyehasiwa kambini. Lakini hakuna Siku ya Jamhuri hata moja iliyowahi kumpa mzee yule kitu chochote zaidi ya kiti cha plastiki juani.

Hapo ndipo naona tofauti ya kumbukumbu na sherehe. Kumbukumbu ina mtu anayedaiwa kitu. Wakubwa wa Ulaya wanalijua hili kuliko sisi, ndiyo maana wanazipenda sana namba zinazoishia na sifuri. Inapofika miaka 60, 80 au 100, wanakuja na shada la maua na hotuba iliyopitiwa na wanasheria.

Chukua siku mbili tu za mwaka 2023. Tarehe 31 Oktoba Mfalme Charles alikuwa Nairobi, Kenya ikijiandaa kutimiza miaka 60 ya uhuru. Katika dhifa ya Ikulu alisema vitendo vya ukatili walivyofanyiwa Wakenya havina udhuru, akaeleza huzuni na majuto, na neno la kuomba radhi hakulitamka. Kesho yake, tarehe 1 Novemba, Rais wa Ujerumani Frank-Walter Steinmeier alikuwa Songea, kwenye makumbusho ya Majimaji. Yeye alikwenda mbele zaidi: aliwakabili wajukuu na vitukuu wa Nduna Songea Mbano, akasema anaona aibu, akaomba msamaha kwa yale Wajerumani waliyoyafanya. Akaahidi pia juhudi za kulitafuta fuvu la nduna huyo, ambalo familia inaamini lilipelekwa Ujerumani. Fidia haikutajwa.

Songea panastahili kutazamwa kwa karibu. Tarehe 27 Februari 1906 Wajerumani waliwanyonga wapiganaji zaidi ya 60 wa Kingoni kwa siku moja, na miili ikatupwa kwenye kaburi la pamoja. Songea Mbano alinyongwa siku chache baadaye, na kaburi lake liko peke yake. Kila Februari watu wa Ruvuma hukusanyika pale kwa ngoma, sala na mikuki, na familia husoma majina. Vita vya Majimaji vilianzia Umatumbi mwaka 1905, Kinjikitile Ngwale akanyongwa Mohoro mwezi Agosti mwaka huohuo, na makadirio ya waliokufa yanafika 300,000, wengi wao kwa njaa iliyotengenezwa makusudi kwa kuchoma mashamba na maghala. Ni maafa makubwa kuliko yote yaliyowahi kuipata nchi hii. Lakini mtu wa Mwanza au Tanga hana siku ya mapumziko kwa ajili yake, na wengi hawajui tarehe 27 Februari ni ya nini. Old Moshi ni hivyohivyo. Tarehe 2 Machi hukusanya wenyeji mahali Mangi Meli, chifu wa Wachagga, aliponyongwa mwaka 1900 pamoja na viongozi wenzake, na mjukuu wake alitumia miongo mingi kuulizia kichwa cha babu yake kwenye makumbusho ya Ulaya. Siku ya Mashujaa tunayo, tarehe 25 Julai. Viongozi huweka ngao, mikuki na mashada kwenye mnara, tarumbeta hulia, na ni nadra jina la Meli kusikika.

Cha ajabu ni kwamba suala la fuvu liliwahi kupandishwa ngazi ya juu kabisa duniani, tena si na sisi. Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919, ibara ya 246, uliitaka Ujerumani ndani ya miezi sita iikabidhi Uingereza fuvu la Mkwawa. Miezi sita ikawa miaka 35. Gavana Edward Twining alikwenda mwenyewe Bremen, akachagua fuvu kati ya mengi yaliyokuwa kwenye makumbusho kwa kulinganisha vipimo, akalileta Kalenga na kulikabidhi kwa Chifu Adam Sapi Mkwawa tarehe 19 Juni 1954. (Chifu huyohuyo ndiye aliyekuja kuwa Spika wetu kwa miaka mingi.) Yaani mkoloni mmoja alimdai mkoloni mwenzake mabaki ya babu yetu kwa mkataba wa amani, akafuatilia hadi akayapata. Sisi wenye babu tumekuwa huru tangu 1961, na mabaki mengine mengi kutoka eneo la iliyokuwa Afrika Mashariki ya Kijerumani bado yako kwenye makabati ya Berlin.

Wakongo wamepitia njia ya kutisha zaidi. Tarehe 30 Juni 1960, mjini Léopoldville, Mfalme Baudouin alimsifu Leopold wa Pili mbele ya watu ambao babu zao walikatwa mikono kwa ajili ya mpira. Patrice Lumumba, ambaye hakuwa kwenye orodha ya wasemaji, alisimama na kuyataja matusi, vipigo na kazi za shuruti. Tarehe 17 Januari 1961 aliuawa Katanga pamoja na Maurice Mpolo na Joseph Okito. Afisa wa polisi wa Kibelgiji, Gérard Soete, aliikata miili na kuiyeyusha kwa tindikali, akabaki na meno, jambo alilokuja kulikiri mwenyewe miaka karibu 40 baadaye. Jino moja lilitwaliwa na mahakama za Ubelgiji mwaka 2016. Tarehe 20 Juni 2022 lilikabidhiwa kwa watoto wa Lumumba mjini Brussels likiwa ndani ya kasha dogo, likawekwa kwenye jeneza la mtu mzima, likazungushwa Kongo tangu kijijini alikozaliwa, Kisangani alikokuwa na ngome yake, hadi Katanga alikofia. Lilizikwa Kinshasa tarehe 30 Juni 2022.

Tarehe ile ilichaguliwa, na mchaguaji alijua anachofanya. Lakini tazama upande wa pili wa meza. Tarehe 30 Juni 2020, uhuru ulipotimiza miaka 60, Mfalme Philippe alimwandikia Rais Félix Tshisekedi barua ya majuto. Bunge la Ubelgiji likaunda kamati ya kuchunguza ukoloni. Kamati ikafanya kazi zaidi ya miaka miwili, ikasikiliza mamia ya watu, na Desemba 2022 ikavunjika bila maazimio, kwa sababu baadhi ya vyama viligoma kuomba radhi vikihofia kwamba radhi itafungua mlango wa madai ya fedha. Kumbukizi ilikuwa imepita, kamera zimeondoka, na hakukuwa na mtu wa kuwashikilia.

Senegal walijaribu kushikilia. Tarehe 1 Desemba 1944 jeshi la Ufaransa liliwaua askari wake wenyewe wa Kiafrika kwenye kambi ya Thiaroye, karibu na Dakar. Walikuwa wametoka kwenye kambi za mateka wa vita za Wajerumani na walikuwa wanadai malimbikizo ya mishahara. Ufaransa ilisema wamekufa 35. Ilipofika miaka 80, mwaka 2024, Rais Emmanuel Macron aliandika barua akakiri kwamba yalikuwa mauaji ya halaiki ya askari wale. Kabla ya hapo Paris ilikuwa imewatangaza sita kati yao kuwa walikufa kwa ajili ya Ufaransa, na Waziri Mkuu Ousmane Sonko akang'aka: si kazi ya Ufaransa kuamua peke yake wangapi walikufa na wanastahili nini. Dakar haikuishia kwenye hafla. Iliunda kamati ya wanahistoria, ikadai nyaraka, na mwaka 2025 wanaakiolojia wakaanza kufukua makaburi ya Thiaroye. Huo ndio mfano ningependa tuuibe.

Namibia imeanza mwaka 2025 kuadhimisha tarehe 28 Mei kama siku ya kukumbuka mauaji ya kimbari ya Waherero na Wanama, kwa kuwa mwaka 1907 ndiyo siku iliyotajwa ya kufungwa kwa kambi za mateso za Wajerumani. Baadhi ya viongozi wa Waherero hawakufurahi, wakitaka iwe tarehe 2 Oktoba, siku ya mwaka 1904 Jenerali Lothar von Trotha alipotoa amri ya kuwaangamiza. Nawaelewa. Kuna tofauti kati ya kukumbuka siku muuaji alipotoa amri na siku alipoacha.

Kuna watakaosema haya yote ni ya wazee, vijana wana shida zao. Sikubaliani. Vijana ndio wanaoelewa nguvu ya tarehe kuliko sisi tuliozoea kukaa kwenye jukwaa la wageni waalikwa. Kwa watoto wa Dar es Salaam Sabasaba ni maonesho ya biashara pale barabara ya Kilwa, friji na magodoro kwa bei ya punguzo, ingawa tarehe 7 Julai 1954 ndiyo TANU ilipozaliwa. Nairobi tarehe hiyohiyo ni ya mwaka 1990, watu walipokwenda Kamukunji kudai vyama vingi na kukuta virungu na risasi. Mwaka 2025 vijana wa Kenya waliirudia, na zaidi ya 30 waliuawa. Wiki mbili kabla walikuwa wameadhimisha tarehe 25 Juni, kumbukumbu ya waandamanaji waliouawa mwaka 2024, tarehe ambayo hakuna wizara iliyowapangia. Guinea uwanja mkuu wa Conakry unaitwa 28 Septemba, kwa heshima ya kura ya mwaka 1958 ambayo Waguinea waliikataa jumuiya ya Ufaransa ya de Gaulle. Tarehe 28 Septemba 2009 wapinzani waliuchagua uwanja huo kwa sababu hiyohiyo, na wanajeshi wakaua humo zaidi ya watu 150. Sasa ukitaja tarehe hiyo Conakry, inabidi ueleze mwaka.

Tanzania je? Mwaka 2015 Rais John Magufuli alifuta sherehe za Uhuru, akageuza siku kuwa ya usafi, na shilingi bilioni 4 zikapelekwa kupanua barabara ya Morocco hadi Mwenge. Mwaka 2022 Rais Samia Suluhu Hassan alizielekeza shilingi milioni 960 za sherehe kwenye mabweni ya wanafunzi wenye mahitaji maalumu. Mara zote mbili watu walipiga makofi, na nilipiga mimi pia. Lakini nikajiuliza: mbona hakuna aliyelalamika? Jaribu kuwafutia Wangoni tarehe 27 Februari uone. Sherehe ikifutwa kwa taarifa ya dakika tano na nchi nzima ikasema afadhali, kuna kitu kilikuwa kimekufa ndani yake siku nyingi.

Kisha ukaja mwaka 2025. Baada ya vurugu na vifo vya uchaguzi wa tarehe 29 Oktoba, serikali ikafuta tena sherehe, safari hii ikisema fedha zitengeneze miundombinu iliyoharibiwa. Wito wa maandamano ulikuwa umeshasambaa. Tarehe 9 Desemba wananchi waliombwa wabaki majumbani, na Dar es Salaam ikaamka na askari barabarani, maduka yamefungwa, daladala hakuna. Hakukuwa na gwaride wala halaiki, na bado sikumbuki mwaka ambao watu wameizungumzia tarehe 9 Desemba kwa uzito kama ule. Kwa mara ya kwanza katika umri wangu siku hiyo ilikuwa na mtu anayedaiwa. Aliyeifuta alidhani anaiondoa kwenye kalenda.

Sifurahii yaliyotufikisha hapo. Ninachosema ni kwamba kuirudisha halaiki miaka ijayo, na nyimbo zilezile, hakutaifanya siku irudi ilivyokuwa. Ni heri iwekewe kazi. Zinakuja sifuri nyingine: tarehe 9 Desemba 2031 Tanganyika itatimiza miaka 70, na tarehe 26 Februari 2035 itakuwa miaka 150 tangu wakubwa wa Ulaya walipofunga mkutano wao wa Berlin, uliogawa bara hili pasipo Mwafrika hata mmoja mezani. Mashada ya maua yatakuja, hilo halina shaka. Tukingoja hadi wakati huo ndipo tuanze kuandika madai, tutapewa tena hotuba ya majuto na picha ya pamoja.

Kazi yenyewe iko wazi. Mafaili yaliyokuwa yamefichwa Hanslope Park yalihamishiwa kwenye hifadhi ya taifa ya Uingereza huko Kew, yamo ya Tanganyika, na msomaji yeyote anaruhusiwa kuyafungua. Makumbusho za Ujerumani zina rejista za mafuvu, na katika baadhi zimeandikwa mahali yalipochukuliwa na ofisa aliyeyatuma. Zile shilingi milioni 960 zilitosha kujenga mabweni. Sehemu yake inatosha kupeleka timu ya wanahistoria vijana Kew, Berlin na Bremen kwa mwaka mzima, pamoja na mtu wa ukoo kutoka Old Moshi na mwingine kutoka Songea, wakarudi na nakala, majina na namba za makabati.